Tusimzike Mwalimu Pamoja na Habari Zake

Nina neno kwenu, hasa ninyi mliozaliwa Njombe, Makambako na vijiji vya kati yake. Mama zetu waliotufundisha kusoma wanatutoka mmoja mmoja, nasi tunawazika kwa heshima, kwa kwaya na mashada. Lakini ukifika wakati wa wasifu wa marehemu, dakika tano hazipiti. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa ualimu, akaolewa, akastaafu, akaanza kusumbuliwa na presha, ameacha mume, watoto na wajukuu. Ugonjwa wa wiki tatu hupewa aya nzima. Kazi ya miaka zaidi ya thelathini, sentensi moja. Hii si haki, na hasara yake ni yetu tunaobaki.

Tuitazame kazi yenyewe. Novemba 1974 chama tawala cha TANU kilikutana Musoma kikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, badala ya kungoja hadi 1989 kama ilivyopangwa awali. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wake kwa waume, wakakabidhiwa chaki huku wakijifunza ualimu kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa wakufunzi waliowafuata vijijini.

Mfikirieni binti wa Kibena wa miaka 18, Njombe ingali wilaya ya Mkoa wa Iringa. Ni asubuhi ya Juni, sakitu imeganda majanini, na watoto wanaingia darasani miguu mitupu. Anawaacha kwanza wasugue viganja, ndipo washike kalamu. Alasiri yeye mwenyewe ni mwanafunzi. Jioni wanamjia watu wazima kujifunza kusoma na kuandika, wengine rika la baba yake. Anamwamkia mzee kwanza, "Kamwene, baba," kama impasavyo mtoto. Kisha anaushika mkono ule uliozoea mpini wa jembe na kuuongoza pole pole, mpaka jina la mzee linatokea kwenye karatasi. Mzee huyo hakuweka tena dole gumba siku ya kuuza mazao yake.

Wapo waliowadhihaki walimu hao wa UPE, yaani mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, wakasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Kweli, mafunzo yalikuwa na mapengo, na vitabu vilikuwa haba. Lakini lawama hiyo haikuwa ya binti aliyeitwa na nchi yake akaitika. Bila yeye, watoto wengi wa vijiji vile wasingeonja darasa kabisa.

Kisha alikuwa mke. Wasifu husema "mke mwema" ukaishia hapo. Hausemi aliacha shule aliyoizoea akamfuata mume Makambako, kwenye reli ya TAZARA, akaanza upya mbele ya watoto wasiomjua. Hausemi mshahara wake ndio ulionunua mabati na mbolea. Shahidi wa hayo ni mume, naye siku ya mazishi huketishwa kimya mbele, wakati wasifu umeandikwa usiku na kijana wa ukoo aliyeshuka basi la kutoka Dar es Salaam. Kwa nini mzee huyu asiulizwe?

Kisha alikuwa bibi, na hapa lazima nikae zaidi, maana ndipo tunaponyamaza mno. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulionyesha kwamba asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe walikuwa na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Tunajua makaburi yaliyotangulia takwimu hizo. Tunajua pia watoto waliopelekwa kwa bibi wakiwa na nguo walizovaa tu. Mwalimu aliyedhani amemaliza kulea akaanza tena: uji, sare, hesabu za kugawanya mbele ya moto wa jikoni. Sisemi siri za nyumba zitangazwe makaburini. Nasema ulezi wake utajwe waziwazi kuwa ni kazi, tena kubwa kuliko ile aliyolipwa.

Aliyeanza na miaka 18 mwaka 1977 alitimiza 60 mwaka 2019, umri wa kustaafu kwa lazima. Wengi wangali hai Mtwango, Lupembe, Ilembula na Uwemba. Wajukuu, simu zenu zinarekodi sauti, zitumieni. Muulizeni darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto wangapi, alitembea umbali gani, nani alimpa chumba cha kulala, mwanafunzi yupi hamsahau na kwa nini. Sanduku lake lenye barua ya ajira na maandalio ya somo msilichome moto mnaposafisha nyumba.

Walimu wakuu nao, majina ya waliowatangulia yameandikwa ofisini. Andikeni na ya walimu wa darasa la kwanza. Na mabasi yatakapojaa Makambako Desemba hii, atakayeshuka na sukari na kitenge ashuke na daftari pia, aanze kuandika mama akiwa na nguvu za kumsahihisha. Siku itakapofika, wachungaji na kamati ya mazishi tafadhalini mwacheni msomaji amalize kurasa zote.