Kuhamia Dodoma: Lori ni la nani, na kuna nini chini ya godoro lako?

TANGU Rais John Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba Serikali itahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa umelala makabatini tangu TANU iupitishe mwaka 1973, barabara ya Morogoro imezoea shehena ya aina nyingine. Mbali na saruji na mahindi, sasa yanapita makabati ya nguo, friji, magodoro na majiko ya gesi. Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangulia Septemba mwaka ule, wizara zikafuata, na mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Nyuma ya watumishi wa umma wamekwenda mawakili, wenye migahawa, na kila anayeishi kwa kuwa karibu na ofisi za Serikali.

Yameandikwa mengi kuhusu viwanja na kodi za nyumba katika mji huo. Machache mno yameandikwa kuhusu safari yenyewe, kilomita zipatazo 450, ambamo mali yote ya familia hukaa mikononi mwa watu ambao mwenye mali aliwaona kwa mara ya kwanza asubuhi ileile.

Ikumbukwe kuwa mtumishi anayehamishwa na mwajiri wake hustahili kulipiwa gharama za kusafirisha mizigo, pamoja na posho ya usumbufu. Fedha hizo zikishaingia kwenye akaunti, kishawishi kikubwa ni kutafuta lori la bei ya chini kabisa na kubaki na chenji. Hapa hatumlaumu mtu. Mishahara yetu tunaijua. Lakini bei hiyo ya chini ina chanzo chake, na asiyekijua ndiye anayepata hasara.

Malori mengi huteremka Dar es Salaam yakiwa na mazao: mahindi kutoka soko la Kibaigwa, alizeti, vitunguu. Mwenye lori akishashusha hataki kurudi bara mtupu, maana mafuta yanaungua vilevile. Hutafuta mzigo wowote wa kurudi nao, na hapo ndipo dalali anapoingia. Dalali hana lori, hana wapakiaji wala ghala. Ana simu na tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, lenye maneno "tunahamisha mikoa yote". Anapokea fedha zako, anachukua chake, kisha anamkabidhi dereva vyombo vyako kama nyongeza juu ya mzigo wa mtu mwingine. Kwa maneno mengine, wewe hukukodi lori. Umempa lifti godoro lako.

Mwandishi wa makala haya aliyaona hayo mwaka 2017, alipomsaidia dada yake kuhama kutoka Tabata kwenda Kisasa. Bei ilitajwa kwenye simu bila mtu yeyote kuja kuangalia nyumba. Vijana waliokuja kupakia walivaa fulana zenye jina la kampuni, nasi tukaridhika. Jioni dereva akapiga simu akiwa Morogoro: gari limezidi uzito kwenye mzani, inatakiwa faini, na bila fedha hiyo haliondoki. Tukatuma. Lori lilipofika na turubai kufunguliwa, chini ya kitanda cha dada yangu kulikuwa na maboksi ya marumaru ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Friji ilikuwa imelazwa ubavu na haikuwaka tena. Tulipomtajia dereva jina la mtu tuliyemlipa, alisema hamfahamu.

Tangu siku ile nimejifunza hesabu moja rahisi. Vyombo vya nyumba ya vyumba viwili au vitatu hujaza nafasi kabla havijajaza uzito. Kitanda, makochi na kabati huweza kulifanya Fuso la tani saba lionekane limefurika, ilhali mzigo wote haufiki hata nusu ya tani hizo. Kwa hiyo dereva anayedai kwamba vyombo vyako vimelizidisha gari uzito ama anakudanganya, ama amebeba kitu kingine ambacho hukuambiwa. Katika hali zote mbili faini si yako. Kulipakia gari kwa uzito unaoruhusiwa ni kazi ya msafirishaji, na mkataba ukisema hivyo waziwazi, simu ya namna hiyo huwa fupi.

Swali la kujiuliza basi ni hili: kampuni ya kuaminika inatambulikaje? Watu wengi huanza na jina lililosajiliwa BRELA. Si vibaya kuanzia hapo, ila usajili wa jina unathibitisha kwamba jina lipo, haukuambii lori ni la nani. Mwenye kujali aombe namba ya gari siku chache kabla ya safari, na aulize leseni yake ya usafirishaji inayotolewa na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Hata rangi ya kibao cha namba inasema kitu: lori la kukodi hubeba kibao cheupe, na lenye kibao cha njano ni gari la binafsi. Kampuni inayosita kutaja namba ya gari huenda bado inalitafuta.

Jambo linalopotosha wengi zaidi ni bima. Ukimuuliza wakala kama vyombo vina bima, atakujibu bila kupepesa macho kwamba gari lina bima, na pengine ni kweli. Lakini bima ndogo, ile ya lazima kisheria, ni kwa ajili ya madhara yanayowapata watu wengine barabarani. Hata bima kubwa hulifidia lori lenyewe. Lori likipinduka Gairo, mwenye gari atalipwa gari lake, nawe utaokota vijiko. Kinachohitajika ni bima ya mizigo iliyo safarini, inayokatwa kwa thamani iliyoandikwa, na hati yake ionekane kabla ya kupakia.

Sheria haijamtupa mwenye vyombo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ambao mtu wa busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Aidha, lipo baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC, linalopokea malalamiko. Hata hivyo, mlalamikaji atatakiwa kuonyesha alimkabidhi nani, kitu gani, kikiwa katika hali gani. Dada yangu alikuwa na ujumbe wa muamala wa simu uliokwenda kwa jina la mtu binafsi, basi. Angekuwa na risiti ya EFD yenye jina la kampuni, orodha ya vyombo iliyosainiwa na pande zote mbili na picha za friji ikiwa inafanya kazi, mazungumzo yangekuwa mengine.

Kuhusu malipo, kampuni nyingi hutaka sehemu kubwa mwanzoni kwa ajili ya mafuta, na hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni kulipa yote. Theluthi moja ibaki hadi kitu cha mwisho kishushwe na kuhesabiwa kwa kufuata orodha, na iandikwe hivyo kwenye mkataba ili isije ikaitwa deni. Na kama lori litaingia Dodoma saa tano usiku, kama yanavyopenda kufanya, ni nafuu kumlipia dereva na utingo wake chakula na gesti wasubiri kuche, kuliko kuhesabu sahani kwa tochi ya simu huku wao wakikuhimiza usaini upesi.