Kiwanja cha Kigamboni na Mikarafuu ya Baba



Wiki iliyopita mzee mmoja katika wanachama wetu alikuja ofisini na simu yake mkononi, tumsomee ujumbe wa mwanawe aliye mwalimu huko Dindira, wilaya ya Korogwe. Kijana amsihi baba yake akodishe mikarafuu kwa misimu mitatu na fedha zote ampelekee, apate kununua kiwanja Kigamboni, Dar es Salaam, kabla bei haijapanda. "Bwana Katibu," akasema mzee, "nifanyeje mwanangu?" Kwa kuwa si yeye peke yake aliyeletewa maneno ya namna hii, twaona yafaa tujibu hapa.

Kwanza tuseme kweli: kijana si mjinga. Zamani aliyekwenda Kigamboni alivuka kwa pantoni au alizunguka Kongowe. Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, lenye mita 680, na ng'ambo ile ikawa karibu na mji. Waliopata viwanja Kibada katika mradi wa Serikali wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, wakavumilia, walifika.

Lakini na ihesabiwe hiyo miaka. Toka 2002 hata daraja kufunguliwa ni miaka 14. Na katikati, mwaka 2008, ulitangazwa Mji Mpya wa Kigamboni, na wenye ardhi katika eneo lililotajwa wakazuiwa kuiendeleza. Wakangoja miaka, na mji ule haukujengwa kama ulivyotangazwa. Mwenye fedha ya ziada aweza kungoja hivyo. Mwenye fedha ya mikarafuu iliyokodishwa hawezi, kwa sababu nyumbani watu wala kila siku.

Tena mkodi hana uchungu na mti. Palizi si kazi yake, na tawi asilolifikia hulivunja. Sote twajua mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja kisha hupumzika. Basi mkodi hujilinda kwa kutoa bei ya mwaka mbaya, na ukija mwaka mzuri faida ni yake. Mti ukiharibika, mche wa kuurithi hutaka miaka sita au saba hivi kabla ya kuzaa.

Wazee wetu waliyaona haya. Rehani ziliwazidi hata mwaka 1934 Serikali ya Unguja ikalazimika kutunga sheria kuzuia mashamba yao yasihamie kwa wakopeshaji.

Tulimwambia mzee asikodishe. Avune mwenyewe, auze ZSTC, atoe ujira wa wachumaji na chakula cha mwaka. Kitakachobaki, kikiwapo, ampe kijana aongeze katika mshahara wake. Na kijana naye asinunue kwa maneno ya dalali. Kiwanja kiwe kimepimwa, na aende mwenyewe ofisi ya ardhi kutazama jina lililo katika hati, na muda wake, kwani Bara ardhi yote ni ya umma, na anunuacho mtu ni haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa, usiozidi miaka 99. Tena atuambie: yeye yuko Dindira milimani, nani atasimamia mafundi Kigamboni?

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akatuomba tumwandikie jibu. Akataka tuanze na salamu za mama.