Baba, Nipeleke Uwanjani

Mzazi mmoja wa Songea ametuletea swali ambalo twaona si lake peke yake, bali ni la nyumba nyingi za Kiislamu. Mwanawe, kijana wa miaka 14, alimwomba ampeleke Uwanja wa Majimaji siku ya mchezo. Baba akasema hana nafasi ya upuuzi. Kijana akaomba mara ya pili, akajibiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu hakuomba. Alikwenda na wenziwe kwa siri. Alirejea baada ya Isha, hakusali Alasiri wala Magharibi, na fedha alizopewa za kununulia madaftari zilikuwa zimekwisha: alimpa mwenziwe aliyemzidi umri amwekee kamari juu ya mchezo ule. Mzazi huyu atuuliza, "Je, nimfungie mlango?"

Ndugu yetu, twakuomba radhi kwa jibu letu. Mlango ulikwisha fungwa tangu siku ile ya kwanza, na ndiyo sababu kijana akatafuta dirisha. Kosa lake ni kosa, wala hatulipunguzi. Lakini alikuomba mara mbili umshike mkono, nawe hukumshika. Akatokea mwingine akamshika. Basi badala ya kuuliza namna ya kumzuia, na tuulizane namna ya kumpeleka.

Kwanza, je, kutazama mchezo ni haramu? Hapana. Katika Hadithi sahihi imepokewa kwamba Mahabushi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha huku akitazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Imepokewa pia kwamba alishindanisha farasi. Mchezo wenyewe, basi, hauna ubaya. Ubaya huja na yale yanayofuatana nao: Sala kupotezwa, kamari kuchezwa, na ndimi kuachiwa zitukane. Mwenye kuyaacha hayo matatu nyumbani, uwanja haumdhuru.

Wala hatustaajabu kijana wa Songea akipenda kabumbu. Uwanja ule umebeba jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo wazee wa Ungoni walivilipia kwa roho zao, na timu yenye jina hilo hilo, Wana Lizombe, iliupatia mkoa wa Ruvuma sifa katika nchi nzima. Katika miaka ya 1980 ilipata kutwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Ilirejea Ligi Kuu mwaka 2015, ikashuka tena mwaka 2018. Ikishinda au ikishindwa, mji huizungumza. Mtoto aliyelelewa katika mazungumzo hayo hawezi kuambiwa kwamba ni upuuzi, naye akakubali kwa neno moja.

Sasa tuitazame saa, maana hapo ndipo penye mtihani. Michezo mingi ya nchi yetu huanza saa 10:00 jioni. Katika mji wa Songea wakati wa Alasiri nao huingia karibu na saa hiyo hiyo katika miezi mingi ya mwaka. Maana yake ni kwamba adhana na kipenga huja pamoja, na mwenye kutoka nyumbani bila mpango hujikuta amekwisha chagua kipenga.

Hesabu yake ni hii. Kipindi cha kwanza huisha karibu na saa 10:50. Mapumziko ni dakika 15. Mchezo huisha karibu na saa 11:50. Mwezi wa Juni jua la Songea huzama baada ya saa 12:20 kidogo. Mwezi wa Desemba hukaribia saa 1:00 usiku. Anayesema, "Nitasali mchezo ukiisha," amebakiwa na nusu saa tu katika siku za baridi, na nusu saa hiyo huipoteza langoni katika msongamano. Na ukiwa ni mchezo wa kombe, timu zikitoka sare, huenda zikaongezewa dakika 30, kisha mikwaju ya penalti. Jua litazama naye angali amesimama anashangilia. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 103, kwamba Sala imefaradhishwa kwa nyakati maalumu. Hakuna refa awezaye kuongeza dakika katika nyakati hizo.

Basi mpango wetu ni huu. Adhuhuri na isaliwe kwa jamaa, kisha kila mmoja atie udhu upya kabla ya kutoka, kwa kuwa huenda chupa ya maji isiruhusiwe kupita langoni. Baba achukue mswala mwepesi mfukoni. Mkiingia, tafuteni mapema mahali safi pembeni, pasipo njia ya watu, maana ardhi yote imefanywa kuwa msikiti kwa umma huu. Wakati ukiingia, salini. Mkiwa mmezungukwa na watu hata hamwezi kutoka, mapumziko yasiwapite: rakaa nne hazizidi dakika kumi, na kipindi cha pili mtakiona chote. Mchezo ukiisha, elekeeni msikiti ulio karibu na njia yenu kwa Magharibi, wala msisimame barabarani kujadili magoli, maana wakati wa Magharibi ni mfupi.

Wako watakaouliza, "Je, hatuwezi kuzichanganya Adhuhuri na Alasiri?" Mkazi wa Songea hawezi kuzichanganya kwa ajili ya mpira, hana safari wala dharura. Lakini aliyetoka Tunduru, mwendo wa zaidi ya kilomita 250, huyo ni msafiri. Yeye ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza, na akiwa njiani kurejea jioni aweza kuichelewesha Magharibi akaisali pamoja na Isha, kwa sharti anuie hivyo kabla wakati wa Magharibi haujatoka. Dini yetu si nzito, ila yataka ijulikane.

Jambo la pili ni usalama wa watoto. Tarehe 28 Mei 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na watu 30 wakajeruhiwa kwa msongamano. Miaka miwili kabla yake, tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walifariki katika Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Hatuyataji haya ili kutia hofu, bali ili tujue kwamba hatari kubwa haipo pale mpira unapochezwa, ipo pale watu wengi wanapotaka kupita mlango mmoja kwa dakika zile zile. Kwa hiyo nunueni tiketi kabla, ingieni saa moja kabla ya kipenga, na mkiwa na mama na mabinti, kaeni mahali pasipo msukumano hata kama bei imezidi kidogo. Wawekeeni watoto mahali pa kukutania mkipotezana. Mkiona lango limefurika, rudini nyuma. Bora kukosa goli la kwanza kuliko kumkosa mtoto. Na kwa kuwa Songea ina baridi ya Juni na Julai, na mvua za kuanzia Desemba, msisahau sweta na mwavuli.

Jambo la tatu ni lile lililozila fedha za madaftari. Zamani neno mkeka likitajwa nyumbani, watoto walijua ni wa kulalia au wa kusalia. Leo kijana akisema mkeka wake umechanika, maana yake ni kwamba amebashiri matokeo ya mpira akaliwa fedha. Kamari hiyo imeingia katika simu ya mkononi, haina haja ya nyumba wala meza. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi kuwa ni uchafu katika kazi za Shetani, na kwamba kwa hiyo Shetani hutia uadui baina ya watu na kuwazuia wasisali. Tazameni namna aya zile zilivyomweleza kijana yule wa Songea: fedha zimekwenda, na Sala mbili zimekwenda pamoja nazo. Hata sheria ya nchi yamkataza asiyetimiza miaka 18 asicheze kamari, lakini kijana mwenye rafiki mkubwa hupata njia. Dawa yake ni baba kukaa naye uwanjani, wakatazama mchezo kwa kuwa ni mzuri kuutazama, ili kijana aone kwa macho yake kwamba furaha yaweza kupatikana bila shilingi moja kuwekwa rehani.

Basi, ndugu yetu wa Songea, usimfungie mlango. Mketishe, umwambie kosa lake bila matusi, na umtake alipe Sala zile mbili, naye atubu kwa kuziacha. Fedha za madaftari azirudishe kidogo kidogo kwa kazi za nyumbani. Kisha mwambie, "Mchezo ujao tutakwenda pamoja." Siku hiyo ikifika, yeye ndiye aubebe mswala, na yeye ndiye akukumbushe saa. Kipenga cha mapumziko kitakapolia, wengine watakwenda kununua karanga. Nyinyi simameni pembeni, baba mbele na mwana kuume kwake, nyuma kidogo. Huenda wako vijana wengine watakaotazama, wakaja kusimama nyuma yenu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atupe subira ya kuwasikiliza wanapotuomba mara ya kwanza. Amin.