Testa Iitwe Testa



Mfunguo mosi ukiingia, orodha za sanduku la biharusi huanza kuzunguka kwenye simu zetu: madira, viatu, doti za kanga, udi, mafuta mazuri, na siku hizi lazima pafyumu mbili tatu zenye majina makubwa. Kwenye pafyumu ndipo bwana harusi anapoguna, na ndipo linapoingia neno testa.

Safari hii tunataka kulizungumza kwa kuwatazama wenzetu wa Kasulu na Kibondo, kule milimani Kigoma. Hapa Unguja mtu akitaka pafyumu huenda Darajani, akanusa, akabishana bei, asiporidhika akahamia duka la jirani. Biharusi wa Kibondo hana nafasi hiyo. Yeye huoneshwa picha kwenye WhatsApp, pesa hutumwa kwa simu, na chupa hupakiwa kwenye basi Dar es Salaam, ipite Dodoma, Kahama na Nyakanazi mpaka imfikie. Kabla ya kuinusa harufu, keshanunua maneno ya muuzaji.

Mwenzetu mmoja ameolewa Kasulu. Wifi yake alipokuwa biharusi, sanduku lilifunguliwa mbele ya shangazi na majirani. Ikatolewa pafyumu: boksi jeupe lisilo na pambo, limeandikwa kuwa ni testa na haiuzwi, na chupa haina kifuniko. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti kwamba bwana harusi kaokota chupa iliyotupwa dukani. Kumbe kijana wa watu alilipa bei ya chupa kamili, na katika mazungumzo yote muuzaji hakulitaja neno testa hata mara moja. Harufu yenyewe ilikuwa nzuri, na biharusi aliitumia mpaka ikamalizika. Kilichovunjika ni heshima ya kijana mbele ya wakwe zake, kwa kosa ambalo si lake.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: testa si aibu, na kununua testa si ubahili. Aibu ni kuiuza au kuitoa kwa jina lisilo lake.

Tuanze na kuijua. Testa ni chupa ambayo kampuni ya manukato huwapa wenye maduka ili wateja wajaribu harufu kabla ya kununua. Aghalabu huwa ni manukato yale yale yaliyomo kwenye chupa ya kuuza. Kinachopungua ni mapambo: boksi huwa la kawaida, jeupe au la kaki, na mara nyingi kifuniko hakimo. Zikizidi mahitaji ya maduka, nyingine huingia mikononi mwa wafanyabiashara na kuuzwa kwa bei nafuu. Anayetaka harufu bila kulipia boksi la dhahabu hajafanya kosa lolote. Dini yetu haipendi israfu.

Lakini chupa imeandikwa kuwa haiuzwi, na Muislamu hawezi kuyapita maneno hayo kama hayaoni. Muuzaji akikwambia kuwa ameinunua kihalali kwa msambazaji, hilo ni jambo moja. Ikiwa mfanyakazi wa duka ameichomoa kwenye rafu ya kujaribia na kuiuza mlango wa nyuma, hiyo ni khiyana kwa mwajiri wake. Wajibu wetu ni kuuliza imetoka wapi. Akikosa jibu au akikasirika kuulizwa, tuiache. Harufu ya kumpokelea mume haifai kuanza na mali ya wizi.

Kisha tukumbuke kisa kilichomo katika Sahihi Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule umaji juu, watu wakauona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Angalieni: hakumkataza kuuza chakula kilicholowa. Alichomkataza ni kukificha. Testa ni vivyo hivyo. Muuzaji aandike wazi kwamba hii ni testa, haina kifuniko, imejaa au imepungua, na bei yake ni hii. Mnunuzi aliyefichwa ana haki kisharia ya kuirudisha bidhaa yenye kasoro, naye asione haya kuidai.

Kuna jambo la kutenganisha hapa. Testa mpya ambayo haijawahi kupulizwa si sawa na testa iliyokaa dukani chini ya taa miezi kadhaa, kila apitaye akiibonyeza. Mwanga na joto huharibu manukato. Harufu ya mwanzo ndiyo hutangulia kufa, na rangi yake inaweza kugeuka. Testa ya aina ya pili inastahili bei ya chini zaidi, na kwa sanduku la biharusi haifai kabisa.

Baya kuliko yote ni ya bandia. Kwa kuwa testa haina boksi zuri wala kifuniko, mughushi hupunguziwa kazi. Dada wa Kasulu au Kibondo asikubali picha ya mtandaoni. Aombe video ya chupa yenyewe: sehemu ya chini palipo na namba ya toleo, ifanane na iliyo kwenye boksi, maandishi yawe yamenyooka na hayafutiki kwa kidole, kipulizio kitoe ukungu laini, kisidondoshe matone. Hata hivyo, namba nazo huigizwa, kwa hiyo kinga kubwa ni muuzaji anayejulikana, anayetoa risiti na anayekubali kurudishiwa. Tanzania bara ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Vipodozi navyo tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS. Aliyeuziwa bandia ana pa kushitaki, na chupa ya bandia hupakwa kwenye ngozi yake, si kwenye picha.

Wenzetu wa milimani wazingatie na hali ya hewa. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake zina baridi. Manukato hupaa polepole penye baridi. Pafyumu inayojaza chumba Unguja inaweza kuonekana imelala Kibondo, na mtu akadhani ametapeliwa. Wala baridi isimfanye mtu ajimwagie. Subiri ngozi ipate joto, kisha nusa tena. Na tukumbushane: uzuri huu ni wa nyumbani, kwa mume na kwa mkusanyiko wa wanawake. Kutoka na harufu kali ili wanaume waisikie tumekatazwa.

Tunajua watakaosema sanduku ni heshima ya mwanamke, na testa inamshusha. Heshima ya sanduku tunaijua, tumelelewa nayo. Lakini tujiulize ni heshima gani inayomfanya kijana akope kwa ajili ya kifuniko, kisha biharusi aanze ndoa kwa kubanwa mahitaji ili deni lilipwe. Mama zetu hawakuwa na majina haya ya Ufaransa. Walikuwa na udi, asumini, liwa na marashi ya waridi, na nyumba zao zilinukia. Hata leo, kwa wale wanaojiepusha na pafyumu zenye spiriti, tola moja ya mafuta mazuri yaliyopimwa mbele yako hudumu kuliko unavyodhani, na hakuna anayekuuliza kifuniko kiko wapi.

Basi tunapendekeza kitu chepesi. Mnapoandika orodha, andikeni "pafyumu, hata testa". Maneno matatu hayo yanamwondolea bwana harusi mzigo, na yanamnyima muuzaji mjanja nafasi ya kuficha. Somo wa biharusi naye awaambie jamaa mapema, kabla sanduku halijafunguliwa, ili asiwepo wa kushangaa. Na wewe biharusi, ukiletewa testa iliyotajwa kwa jina lake, ipokee kwa bashasha. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume wetu alikuwa harudishi manukato aliyopewa.

Nasi wenye kuuza, na wengi wetu tunauza kupitia simu, tujue kwamba dada wa Kibondo aliyetutumia pesa bila kutuona ametufanya waaminifu wake. Tusimwonjeshe khiyana katika wiki ya ndoa yake.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zetu, atujaalie riziki za halali na atuepushe na ghushi, kwa wenye kuuza na wenye kununua. Amin.