Kompyuta Kuukuu za Ofisi na Haki ya Mnunuzi



Waajiri wengine, wakileta kompyuta mpya ofisini, huwauzia wafanyakazi zile kuukuu kwa bei ndogo. Ni jambo jema, na wengi wetu tumenunua ili watoto wasomee nyumbani. Lakini liko neno moja ambalo waajiri hawatuelezi, nalo ni leseni ya programu.

Mwenzetu mmoja alinunua mashine namna hiyo, akakuta imefutwa tupu. Akaipeleka kwa fundi wa mtaani, akatoa pesa, akatiliwa Windows ya wizi. Haukupita muda ikaingiwa na virusi, na kazi zote za mwanawe zikapotea. La kusikitisha ni kwamba alilipia kitu ambacho tayari kilikuwa chake!

Sababu ni hii. Kompyuta nyingi za biashara hutoka kiwandani zikiwa na leseni ya Windows, na leseni hiyo haitengani na mashine. Ikiuzwa, huenda nayo. Zile za zamani sana zina karatasi ya namba iliyobandikwa chini. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, namba imehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, na ukiirudisha Windows ya aina ile ile, kwa kawaida hujitambua bila wewe kulipa hata senti. Lakini leseni ya jumla ambayo kampuni imenunua kwa mashine zake zote hubaki kwa kampuni, hata kama imesahauliwa ndani. Basi kabla ya kumlipa fundi, geuza mashine utazame chini, kisha umuulize karani aliyekuuzia.

Wako watakaosema Microsoft ni matajiri, kuwaibia si kitu. Mimi sikubali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda programu kama inavyolinda vitabu. Tena sisi tunaodai kila siku jasho letu lilipwe, tutasema nini juu ya jasho la mwandishi wa programu?

Wala hatuna haja ya kuiba. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi nyingi za mashine hizi kuukuu. Lakini Linux Mint ni ya bure na halali, na mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 yaiweza. Kwa barua na hesabu iko LibreOffice, bure vile vile, nayo hufungua faili za Word na Excel. Ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, ile ambayo mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa KiLinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliitoa kwa Kiswahili. Kuizoea kwataka siku chache za kunung'unika, sikatai.

Naomba halmashauri ya chama ilipeleke jambo hili kwa waajiri katika mkutano ujao. Mfanyakazi akiuziwa kompyuta, stakabadhi yake iandikwe aina ya Windows iliyotoka nayo kiwandani, na mashine ikabidhiwe ikiwa na Windows hiyo hiyo, si tupu. Karani wa kompyuta wa kampuni aweza kuifanya kazi hiyo kabla ya saa ya chakula.