Mini Si Pambo

Kuna uongo mtamu kuhusu lile gari dogo la Waingereza, Mini. Ati lilikuwa gari la urembo: la wasichana wa sketi fupi wa London ya miaka ya sitini, la wanamuziki na waigizaji, la kuegeshwa mahali lipigwe picha. Uongo huu umerudiwa mpaka umevaa kanzu ya historia. Mimi nauita matusi.

Mini ilizaliwa na uhaba. Mwaka 1956 Misri ilitaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza ikaingia vitani pamoja na Ufaransa na Israeli, njia ya mafuta ikaziba. Kabla mwaka kwisha, madereva wa Uingereza walikuwa wakipimiwa petroli. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC, akataka gari dogo lakini kamili, tena haraka. Kazi hiyo akapewa Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna aliyefika Uingereza akikimbia vita. Tarehe 26 Agosti 1959 gari likazinduliwa.

Hebu tazama alichofanya. Injini ya sisi 848 aliilaza kukingama upana wa gari. Giaboksi akaiweka chini yake, ndani ya sampu, vyote viwili vikinywa oili moja. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta, na yalikuwa ya inchi 10 tu ili yasile nafasi ya abiria. Mahali pa springi za chuma, Alex Moulton akatia koni za mpira. Gari la mita 3 na ushei likabeba watu wazima wanne na mizigo yao. Sura ile tunayoiita nzuri ilitokana na hesabu ya nafasi. Hakuna aliyekaa akachora urembo.

Najua mtanijibu nini. Kwamba zile za kwanza ziliingiza maji sakafuni. Kweli. Kwamba mvua ikipiga kwa mbele, umeme wa plagi ulikufa na gari likazima njiani. Kweli pia. Kwamba liliuzwa chini ya pauni 500, kodi ikiwemo, hata Ford walipolifungua vipandevipande wakapiga hesabu kwamba BMC inakula hasara. Kwamba DKW ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kuilaza injini hivyo tangu 1931, na kwamba giaboksi ya kukaa kando ya injini, kama zilivyo gari nyingi leo, ilikuja na Autobianchi Primula ya 1964, kazi ya Dante Giacosa wa Fiat. Yote nakubali. Lakini huo ndio ubishi unaostahili: wa mashine na kazi yake. Pambo halibishaniwi hivyo. Tena kazi iliipima. Mini Cooper S ilishinda mbio za Monte Carlo 1964, 1965 na 1967, mbele ya magari yenye misuli kuliko yake. Mwaka 1966 pia ilitangulia, ikaondolewa kwa sababu ya taa.

Sasa wako wapi warithi? Gari la asili lilikoma kuundwa mwaka 2000, baada ya zaidi ya milioni 5. BMW wakabaki na jina. Leo kuna Mini iitwayo Countryman yenye urefu unaopita mita 4. Sura imewekwa dukani, wazo limetupwa jalalani. Ukiuza unene kwa jina la wembamba, bana, unamcheka marehemu kwenye matanga yake.

Na sisi tusijifanye watazamaji. Hapa Nairobi mwenye Vitz huulizwa atanunua gari lini. Anayemuuliza amekaa peke yake ndani ya jigari la viti saba, kwenye foleni ileile, petroli ikiungua. Kwani amefungua boneti ya hiyo Vitz? Angekuta injini imelazwa kukingama, magurudumu ya mbele yakivuta, watu na mizigo wakipewa nafasi iliyobaki. Ni mpangilio uleule ambao Mini iliufanya wa kawaida duniani.

Kwa hiyo mkitaka kuisifu Mini, acheni rangi na picha. Sifuni kichwa kilichokaa na uhaba kikaufanyia hesabu. Na mkiona aibu kuendesha gari dogo, jueni aibu hiyo mmeuziwa, tena kwa bei ghali.