Mwalimu Mtarajiwa, Vaa Saa

Wanachuo wenzangu, simu si saa. Nikiwa fildi Ifakara, kila nikichungulia simu nijue kipindi kimebaki dakika ngapi, wanafunzi walidhani nachati. Siku moja mmoja akauliza, "Mwalimu, umejibiwa?" Darasa zima likaangua kicheko. Somo nalo likaishia hapo.

Jioni nikaomba Casio F-91W ya kaka, iliyokwisha betri. Ni muundo wa mwaka 1989, na betri hukaa miaka kama 7. Fundi akaweka betri mpya, akasahau kurudisha mpira wa kuzuia maji. Siku moja tu kwenye majaruba ya mpunga, kioo kikajaa ukungu.

Basi kagueni mpira, futeni jasho na tope. Anayewadai wanafunzi kuwahi, naye awe na saa inayotembea.